Picha ya Pili ya Gaudence

Asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya duka la kahawa barabara ya Zhanxi, Gaudence alishika kikombe bila kunywa. Wenzake humwita Mzee wa Raba, maana tangu aanze kutoka Karagwe kuja Guangzhou, China, hanunui kitu ila viatu. Juzi kichwa kilimuuma ghafla sokoni, katikati ya mikokoteni, akaanguka. Hospitali wakampiga CT scan, hawakuona damu. Sasa walimtaka tena saa nane mchana, naye alishaanza kuulizia ndege ya kurudi nyumbani.

— Kwani picha ya kwanza waliikosea? aliuliza.

— Wapi! alidakia Pandu, wakala wa mizigo, maarufu kama Kontena. — Mashine ile ni kama ya bandarini Huangpu. Kontena linapita tu, jamaa anajua ndani kuna soksi ngapi. Hiyo ya pili inasoma mpaka mawazo. Kama una mchepuko, Mzee, kiri mapema!

Swalha, Mpemba anayesomea udaktari hapa, hakucheka.

— Haisomi mawazo, kaka Pandu. Kaka Gaudence, ile ya juzi ilikuwa kavu, haina dawa. Sekunde chache tu, inaonesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika. Ya leo unachomwa dawa mkononi, inatembea na damu, mishipa ya kichwa yote inang'aa. Pakiwa na mshipa uliovimba, wanauona kabla haujapasuka. Ya mapafu nayo ni nyingine kabisa, wanakata nyembamba nyembamba kama slesi za mkate.

— Wanakata! Gaudence alishtuka.

— Picha, kaka. Wewe hukatwi.

— Hiyo dawa inauma?

— Utasikia joto mwilini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Waambie tu kama una mzio au shida ya figo.

— Duh! Pandu akatikisa kichwa. — Mtu anauona mshipa ndani ya fuvu bila kushika kisu. Hawa watu wamesoma!

Chebet, Mkenya anayeuza vitambaa, alikuwa amefika na furushi lake kutoka soko la vitambaa la Kangle, akasikiliza akiwa amesimama.

— Ni poa. Na nani anaenda na yeye?

Swalha alikuwa na mtihani saa hiyohiyo. Gaudence akainamisha macho. Tangu juzi hilo ndilo lililomnyima usingizi: kulala ndani ya mashine ile, na nje pasiwe na hata mmoja anayejua jina lake.

Pandu akatoa simu, akampigia bosi wa ghala.

— Laoban, bosi, leo siji. Mingtian, kesho. Nampeleka kaka yangu hospitali.