Mama Pamba Ajaza Fomu Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Mama Pamba anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili katika kitengo chetu cha kutafuta waliopotea vitani. Sisi wa maabara hupenda kujisifu kwamba ndio tunaoipa mifupa majina. Uongo mtupu. Bila vinasaba vya ndugu zao tusingemtambua hata mmoja, na aliyekwenda nyumba hadi nyumba kuchukua mate kwa vijiti vya pamba ni yeye.

Alianza mapokezini. Siku ya tatu alimkuta mzee amepewa fomu ya kurasa nane kabla ya kupewa kiti. Akaiweka fomu kando, akamwomba amsimulie habari za mwanawe. Bosi alifoka, kisha akamhamishia kitengo cha familia.

Ila mdomo wake, jamani. Mwaka mmoja vipimo vilionyesha kwamba familia kumi na moja zisizojuana zina undugu na mwanamke mmoja. Tulikuna vichwa wiki nzima. Kumbe ni yeye, alikuwa akipiga soga bila barakoa, mate yakirukia vijiti! Alirudi nyumba zote kuomba radhi, na tangu hapo vinasaba vya kila mfanyakazi vinawekwa kwenye faili.

Faili hilo lilitutesa. Kaka yake alitoka wakati wa vita kumtafutia mama yao dawa, hakurudi. Vinasaba vya Mama Pamba tulikuwa navyo, lakini kanuni haziruhusu kuvilinganisha na mifupa mpaka akubali kama ndugu. Hakukubali. Alituambia wazi kwamba siku akitia sahihi atakuwa amemzika. Hatukumsukuma, maana yeye ndiye aliyetufundisha kutomsukuma mtu.

Jumatatu iliyopita, baada ya kukabidhi ofisi, aliketi upande wa wageni, akajaza fomu, akatia sahihi. Kijiti kipya, kama kanuni zinavyotaka kwa ndugu, nilikishika mimi. Akanitania kwamba nimekishika kama mwiko.

Tumelinganisha mifupa yote iliyopo. Kaka yake hayumo. Alilia sana, nasi tukalia naye. Kisha akafuta macho, akauliza kama familia iliyokuwa ikisubiri nje imeshapewa chai.

Mama Pamba, asante kwa kila mlango uliobisha. Tunakutakia mapumziko mema, afya na usingizi wa kutosha. Kumtafuta kaka yako sasa ni kazi yetu, na hatujachoka.