Mawe Matatu ya Mama Léocadie

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Kalundu, mjini Uvira, Lubarika hadi Kamanyola, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyevunja mawe. Jina lake ni Léocadie. Mama Léocadie wa Kalundu. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na minne.

Huenda hamkumjua kwa jina, lakini nyumba zenu zinamjua. Kwa miaka ishirini alikaa kando ya barabara ya Kalundu, nyundo mkononi, akiponda mawe ya ufukweni kuwa kokoto. Mabomba ya moshi wa malori yalimpulizia usoni kutwa nzima, naye akajibizana na madereva mpaka wakacheka wenyewe. Hakuwa mama wa kunyamaza yule.

Binti yake wa pekee ni Bénédicte. Ndiye aliyekuja hapa studio Jumanne, akakaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, akanisimulia haya ninayowasimulia. Mara mbili tulizima mashine ya kurekodia ili alie kwanza.

Kisa kilianza na jiwe la mviringo. Mama Léocadie alilipasua upande mmoja, akaona ndani lina matabaka membamba, moja juu ya jingine, kama kabichi iliyokatwa kwa kisu. Akaacha kulipiga. Siku hiyo alipita Mwalimu Thaddée, anayefundisha biolojia sekondari. Mama akamwita.

"Mwalimu, kuya uone. Hii jiwe iko na nini mu tumbo?"

Mwalimu akachuchumaa. Akamwambia kwamba jiwe lile lilijengwa na viumbe hai. Viumbe vidogo ambavyo jicho halivioni, vilivyoishi majini, vikinasa matope na chokaa, tabaka baada ya tabaka. Mama akadhani anataniwa.

Hapo mwalimu akafanya jambo ambalo Bénédicte analikumbuka mpaka leo, maana naye alikuwepo, amemletea mama yake chakula. Aliomba ndoo. Akapima kokoto za mama, akazimwaga kando ya barabara, lundo moja moja, mpaka yakafika malundo thelathini na tano. Kila lundo, alisema, ni miaka milioni mia moja. Yote kwa pamoja ni umri wa uhai duniani, kadiri mawe yanavyotuonyesha.

Sikilizeni tena, wasikilizaji wapendwa. Malundo thelathini na tano. Kila lundo miaka milioni mia moja.

"Samaki iko wapi?" mama akauliza.

Mwalimu akatembea. Akatembea sana. Akasimama karibu na lundo la thelathini. Miti ikaja lundo la thelathini na mbili. Mijusi mikubwa iliyowahi kutawala dunia ikafa ndani ya lundo la mwisho kabisa.

"Na batu?"

Mwalimu akainama kwenye ukingo wa lundo la mwisho, akaokota kokoto tatu, akamwekea mama kiganjani. Watu ni hizo. Kabla ya samaki, malundo karibu thelathini mazima, duniani walikuwepo wale wadogo tu, wasioonekana. Jiwe la Kalundu lenyewe ni changa, la miaka elfu chache, lakini waliolijenga ni wa ukoo ule ule wa lundo la kwanza.

Mama Léocadie alitazama zile kokoto tatu, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Kisha akageuka kuyatazama malundo yote. Yeye aliyebeba ndoo hizo miaka na miaka alijua uzito wa thelathini na tano kuliko profesa yeyote.

"Kumbe minye navunja manyumba ya bale badogo," akasema. "Banafanya kazi yote ile, na hakuna mutu anabajua."

Toka siku hiyo alichagua mawe. Mengine aliyavunja, maana tumbo halisubiri. Lakini matatu aliyaweka kando: lile la kabichi, jingine la matabaka kama hilo, na la tatu lililojaa konokono wa kale. Matatu tu. Ya ukubwa mmoja, ukubwa aliokuwa anaweza kuubeba kichwani.

Kisha ziwa likapanda. Nyote mnakumbuka, sina haja ya kueleza. Asubuhi ile maji yalipoingia mlangoni kwao, Bénédicte alikuwa sokoni. Aliporudi akakuta mama yake amefika juu mlimani, amelowa mpaka kifuani, na mawe matatu yako salama kwenye nyasi. Safari tatu. Ndani ya nyumba, godoro linaelea. Na sanduku la karatasi limekunywa maji. Humo mlikuwa na diplome ya Bénédicte, ile ya kumaliza sekondari, ambayo mama huyohuyo aliilipia kwa nyundo. Wino wote ulikuwa umeondoka.

"Mama, uliokoa mawe?" Bénédicte aliuliza. "Mawe?"

Mama alijibu kwamba diplome inatengenezwa upya mu bureau, kule ofisini, lakini yale mawe hakuna bureau inayatengeneza. Huenda alisema kweli. Lakini binti alihitaji aombwe radhi, wasikilizaji wapendwa, na radhi haikuja. Wawili hao waliishi miaka miwili wakipikiana, wakifuliana, bila kulizungumza.

Mwaka huu shule ya mwalimu ikatenga kabati la kioo kwa mawe yale. Ikapangwa Jumatatu. Mama Léocadie, aliyeishia darasa la tatu la msingi, angeleta mawe yake na kusimama mbele ya darasa, aeleze malundo thelathini na tano. Alishona kitenge kipya. Alifanya mazoezi mbele ya mdogo wake, Mama Claire, akimuuliza, "Weye, samaki iko wapi?" na Claire akikosea makusudi ili amfurahishe.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo, tension, presha ya damu, ilipanda. Hakufika hospitali. Alizikwa na kile kitenge.

Pale kilioni watu walikuwa wengi, chungu kikubwa, na mafiga ya kukibeba hakuna, maana yale makubwa ya zamani yalichukuliwa na maji. Mama Claire akauliza chumbani atapata wapi mawe matatu yanayolingana. Bénédicte, amelala chini na macho yamevimba, akajibu: "Yako chini ya kitanda." Claire akayatoa, kichwa chake kimejaa msiba, hakuyatazama. Siku tatu ugali na maharage vilipikwa juu ya mawe ya Mama Léocadie. Yalikuwa yakilia pa! pa! motoni. Wapishi walidhani ni kuni mbichi.

Siku ya tatu Claire alimwaga maji kuzima moto. Mawe yakachemka. Yakavuma, yakavimba, yakamomonyoka mbele ya watu, yakawa uji mweupe. Chokaa. Wakati huohuo Mwalimu Thaddée alikuwa anaingia uani, ametoka Lubarika kwa wazazi wake, ambako habari ilichelewa kumfikia. Aliona. Akapiga magoti kwenye majivu, akaingiza mikono.

"Mwalimu, itakuunguza!" Claire akamvuta kwa nguvu. Tayari viganja vilikuwa vimebabuka. Hakukuwa na kipande hata cha ukubwa wa yai.

Akauliza nani aliyaweka pale. Watu wakamtazama Claire. Claire akainamisha kichwa. Na Bénédicte, mlangoni, akanyamaza.

Tangu hapo mtaa umemchukia Mama Claire. Siku arobaini anaitwa mama wa chokaa, bila salamu, bila mwenzake wa kwenda naye sokoni. Hajawahi kusema nani alimwelekeza. Mwalimu alikwenda kutafuta jiwe jingine mahali mama alipoyatoa. Ziwa limepafunika.

Nilipowasha tena mashine mara ya pili, Bénédicte aliomba nisikate hata neno. Haya ndiyo maneno yake.

"Batu banasema ni mama mudogo. Banasema alikosea. Mama mudogo hakukosea, hakujua. Ni minye nilimwambia. Na minye nilijua. Nilijua ni mawe gani iko chini ya kitanda. Nilitaka mama aone ile yake nayo inaharibika. Lakini mama alikuwa amekufa. Hakuna mutu wa kuona. Nilikuwa peke yangu na ile hasira."

Wasikilizaji wapendwa, miye niliinuka kwenye kiti changu. Nilimpa maji ya kunywa.

Kama mzazi wako angali hai na kuna kitu mlikinyamazia, usingoje wimbo wetu wa tanzia uanze. Nenda umuulize leo. Na ninyi mnaoponda mawe kando ya barabara, mkilipasua moja mkaona matabaka ndani, tulizeni nyundo, mkamwite Mwalimu Thaddée. Kabati lake la kioo bado liko tupu.

Kwa familia yote ya Mama Léocadie, kwa wavunja mawe wenzake wa Kalundu, tunalia pamoja nanyi. Bénédicte, pole. Pole sana, dada. Na Mama Claire, ikiwa umewasha redio: mtaa mzima umesikia. Wanaokuja mlangoni kwako sasa wanakuja kuomba msamaha. Tafadhali, wafungulie.