Kikohozi cha Watu Arobaini na Watatu

Benchi letu pale Nunguni limeegemea ukuta wa kemisti ya Nduku, kwa hivyo anayekaa hapo husikia yote yanayosemwa kaunta hata asipotaka. Kulia ni kibanda changu cha M-Pesa, kushoto ni jiko la Kaveke na birika lake la kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujatoka bondeni, na kwenye mlango wa kemisti palikuwa na karatasi mpya, imebandikwa kwa selotepu pembe tatu tu, ya nne ikipigwapigwa na upepo: KADI YA NGAO HATUPOKEI TENA. Ndani, Mbinya alikuwa amesimama kaunta tangu saa mbili na dakika kumi, kadi mkononi. Mwanawe Muli, wa miaka saba, ana kifafa. Zilikuwa zimebaki tembe mbili: ya leo jioni na ya kesho asubuhi. Nilijua hivyo kwa sababu alikuwa amelisema jambo hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, na Nduku alikuwa amemjibu mara tatu kwamba dawa hiyo ilikuwa ikiletwa kwa oda ya kadi. Kadi imesimama, oda imesimama. Hata ukija na keshi, kwenye rafu haipo.

Nje kikao kilikuwa kimeshaanza. Waziri ni Kasyoki, mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana mashamba na kuchimbiana mitaro, ambacho mwaka jana kilijiunga chote na bima ya Ngao. Anaitwa Waziri kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Profesa ni Muthama, kijana wa boda anayemletea Nduku makatoni kutoka stegi ya matatu, na kwa kuyabeba anaona amesomea dawa. Soko ni Mbugua, muuza viazi aliyetoka Nyandarua miaka kumi na moja iliyopita, na bado huitwa mgeni siku akishinda ubishi. Akina mama wote, Kaveke, Nduku, hata Mbinya, benchi huwaita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

Waziri: Nyinyi hamwoni. Nduku anajenga. Mtu akianza kujenga hataki kadi, anataka keshi.

Soko: Anajenga wapi?

Waziri: Mahali si muhimu. Angalia uso. Huo ni uso wa mtu anajenga.

Kaveke: Huo ni uso wa mtu hajalala, Waziri. Kunywa kahawa.

Waziri: Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hiyo karatasi kwa mlango, si ni kujitembeza?

Soko: Imebandikwa na selotepu, itatembea aje?

Profesa: Mzee, wacha mimi nikuambie mambo ya kompyuta. Hii kadi iko na kachipu. Hako kachipu kanasikiliza. Ukikohoa kanaandika. Ukikosa kukohoa pia kanaandika.

Soko: Kakiwa kwa mfuko?

Profesa: Kwa mfuko, kwa kabati, mahali popote. Mimi yangu niliiweka ndani ya Biblia. Imesikia mahubiri miezi sita. Kampuni ikaona, huyu ameokoka, hawezi gonjeka, sasa tumlipie dawa ya nini?

Kaveke: Wewe uliokoka lini?

Profesa: Si mimi, Mwaitu. Ni kadi.

Walicheka. Mbinya aligeuza shingo kidogo, akaturudishia mgongo. Mimi nilikuwa nimeshika simu mbili. Mbinya hakuwa ameniomba nimtafutie dawa, mikono tu ndiyo ilikuwa haitulii. Kwa simu ya kwanza nilikuwa nimepigia laini ya Ngao yenyewe, na sauti ya mwanamke ilikuwa imeniambia, kati ya wimbo na wimbo, kwamba nilikuwa nambari ya sitini na moja kwenye foleni. Kwa simu ya pili nilipata kemisti moja ya mji wa Wote.

"Ngao? Tuliacha Ijumaa, dada."

Nikapata nyingine ya Emali. Kadi wanapokea, lakini dawa hiyo hawana, labda Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ya Machakos iliita mpaka ikakatika.

Soko: Mimi nitawaambia ukweli na hamtapenda. Kampuni imegundua watu wa huku juu hawafi.

Waziri: Sisi?

Soko: Hii baridi yenu ni friji. Nyama ikiwa kwa friji inaoza? Haiozi. Sasa michango yenu inabebwa inapelekwa kwa watu wa joto. Kama Nuu. Huko jua linapika mtu akitembea. Nyinyi mnalipa, wao wanatibiwa.

Waziri: Aiya! Hiyo sasa ni akili.

Soko: Leo mimi si mgeni tena?

Waziri: Bado. Lakini mgeni mwenye akili.

Profesa: Ngojeni. Niko na binamu yangu Nuu, Nthiwa. Huyo hawezi nidanganya.

Akapiga, akaweka sauti ya juu, akaishika simu katikati ya benchi kama sahani ya githeri.

Profesa: Nthiwa! Huko kwenu kadi ya Ngao inafanya?

Sauti ya Nthiwa ilitoka na kelele za mbuzi nyuma yake.

Nthiwa: Ifanye wapi? Kemisti imekataa tangu wiki jana! Na tumeambiwa ni kwa sababu yenu!

Profesa: Yetu?

Nthiwa: Nyinyi watu wa milimani! Ati kuna kijiji kizima huko kilikohoa siku moja! Mlimaliza dawa zote Desemba, sasa sisi tukufe?

Mbuzi akalia, simu ikakatika. Profesa aliitazama kana kwamba imemuuma.

Soko: Desemba nilikuwa kwetu. Kwani mlifanya nini?

Hapo Waziri alijinyoosha, akaweka kikombe chini. Hili alikuwa na hamu ya kulisimulia.

Waziri: Pesa za mwaka kwa kadi zilikuwa zinakufa tarehe thelathini na moja. Na sisi, Mungu ni mwema, mwaka mzima hatukuwa tumegonjeka. Sasa wewe, Soko, unaweza kuacha viazi vyako vioze kwa shamba?

Soko: Siwezi.

Waziri: Basi. Nikaita mwethya. Tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, kila mtu hapa na kadi yake. Nikawaambia, kadi ni kama shamba la mwenzetu. Tukiingia, tunamaliza.

Profesa: Tulikuja na wimbo, Soko. Ule wa kuchimba mitaro.

Waziri: Kila mtu chupa mbili za kikohozi, vitamini, na mafuta ya mgongo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikuwa kama watu thelathini.

"Arobaini na watatu," nilisema kutoka dirishani.

Waziri: Wewe unajuaje?

"Nilikuwa wa thelathini na tano."

Hawakucheka, na sikuwa nimetaka wacheke. Chupa zangu mbili ziko chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Moja inaharibika mwezi wa tatu. Nilisoma tarehe yake siku ileile, nikaichukua hivyohivyo.

Soko: Na Nduku alikubali?

Nduku alikuwa ametoka mlangoni, akibonyeza ile pembe ya nne ya karatasi kwa kidole gumba. Ilikuwa haishiki.

Nduku: Nduku ni mwanachama wa mwethya. Angekataa, angepigwa faini. Si ndiyo sheria, mwenyekiti?

Waziri: Sheria ni sheria, Mwaitu.

Nduku: Wameniandikia barua. Nipeleke karatasi za daktari za watu arobaini na watatu waliokohoa siku moja, la sivyo dawa za hiyo Desemba hawanilipi, na za miezi inayofuata hawanilipi. Utaniandikia hizo karatasi, Waziri?

Waziri: Mimi si daktari.

Nduku: Siku ile ulikuwa daktari. Ulisimama hapa ukiita, "Wewe, kohoa kidogo."

Kaveke aliinamisha uso kwenye birika ili tusione kama anacheka. Waziri alivuta shati lake, akalipangusa vumbi lisilokuwepo.

Waziri: Mvumilivu hula mbivu. Watatulia, watarudi.

Nduku: Mbivu zimeiva chini ya vitanda vyenu.

Akarudi ndani. Simu yangu ya kwanza ikasema nilikuwa nambari ya hamsini na nane.

Soko: Lakini mwethya yenu ni kali. Watu wote walikuja?

Profesa: Wote. Isipokuwa mmoja.

Soko: Mkamfanya nini?

Profesa: Faini ya kuku. Na ilikuwa kuku mnono, walai. Tulimla hapa hapa, Mwaitu Kaveke ndiye alichemsha.

Kaveke: Muthama.

Profesa: Nini? Si ulichemsha?

Kaveke: Muthama, nyamaza.

Mbinya alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kemisti. Kadi ilikuwa bado mkononi mwake, ila sasa ameifunga ndani ya leso, kama kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Mbinya: Alikuwa kuku wa Muli. Alipewa na nyanya yake.

Waziri, kwa mazoea ya kumkaribisha kila mtu kwa methali, alikuwa ameshafungua mdomo.

Waziri: Mgeni njoo, mwenyeji a...

Akameza iliyobaki.

Kaveke: Keti, Mwaitu. Kahawa iko.

Mbinya: Sikai. Siku hiyo ya mwethya Muli alianguka mara mbili, moja karibu na moto. Nilituma mtu awaambie.

Waziri: Tuliambiwa. Lakini ukianza kusamehe mmoja...

Mbinya: Sililii faini, mwenyekiti. Kuku ni kuku. Nataka kuuliza tu. Hizo dawa mlibeba siku hiyo, zote hizo, hakuna hata moja ya kifafa?

Alikuwa anauliza kweli. Hakukuwa na kejeli kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililotumaliza. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, akisubiri mtu akumbuke, labda nyuma ya kabati, labda kwa bahati, kachupa kadogo ambako hakujua ni ka nini. Soko alitazama viatu. Profesa alivua kofia yake ya boda, akaivaa tena. Mimi niliwazia chupa zangu mbili, lebo zake, neno baada ya neno, kana kwamba ningesoma vizuri zingegeuka.

Kaveke aliinua birika kummiminia kahawa. Yakatoka matone matatu na kipande cha tangawizi. Alikuwa ametumiminia yote sisi.

Ndipo Profesa aliposimama. Alivuka barabara, akaketi kwenye pikipiki, akaipiga teke mara moja, mbili, ya tatu ikawaka. Akaigeuza, akaja nayo mpaka kwenye ngazi ya kemisti, moshi ukaingia kwenye kahawa yetu.

Profesa: Panda, Mwaitu. Leo sitaki kitu. Hata ikiwa mbali.

Mbinya alijifunga leso kichwani, akaweka kadi kifuani, akainua mguu. Kisha akauteremsha.

Mbinya: Twende wapi?

Profesa alinitazama mimi. Nilishika simu zote mbili. Moja ilikuwa inaimba, nyingine ilikuwa kimya. Nikatikisa kichwa.

Basi sote, hata Nduku aliyekuwa ametoka tena mlangoni, tukamgeukia Waziri, mtu asiyewahi kusema "sijui".