Nilisema Mize Kanilisha, Kumbe Tumbo Langu

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Namshukuru Mola aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu baada ya sala hii ya Ijumaa. Mnanijua. Mimi ni Faki, mwanajeshi mstaafu, mtoto wa hapa hapa Msuka. Leo natoa ushuhuda, na una uchungu ndani yake, kwa sababu Mungu kaniokoa mimi, na mimi mwenyewe nimemwangamiza mtu.

Zaidi ya miaka ishirini nimetumikia jeshi huko bara, kambi hadi kambi. Nimevuta vumbi, nimevuta moshi wa baruti na wa taka tulizokuwa tukichoma nyuma ya kambi. Nilirudi nikijiona chuma! Na nilirudi na ulaji wa kijeshi. Kule ukila polepole, filimbi inakukuta na tonge mkononi. Basi hata nyumbani, tulikuwa tukila sinia moja mimi na mke wangu Mize. Yeye yuko tonge la tatu, mimi upande wangu umeshakwisha, wali na mchuzi wa pweza wenye pilipili. Kisha najitupa chali hapo hapo kwenye mkeka, bila mto. Mto nilisema ni wa wagonjwa.

Pumzi ikaanza kunikaba. Nakohoa mpaka machozi, koo linawaka, mate machungu yanajaa mdomoni, nashikilia dirisha natafuta hewa. Nikapewa dawa ya pumu ya kuvuta. Inatulia kidogo, inarudi. Na mimi kwa ujuaji wangu nikafanya upelelezi wa kiaskari. Nikagundua kwamba kila nikibanwa, nimetoka kula! Ramadhani nikifunga, mchana niko salama. Nikishafuturu tu, nabanwa. Na anayepika nani? Mize.

Ndugu zangu, hapo ndipo shetani aliponipata. Mwenzetu wa kwengine angesema tumbo lina kasoro. Sisi hapa tunasema kalishwa, katiliwa uchawi chakulani. Nikaenda kwa mganga, naye akaniambia kile nilichokwenda kukisikia, kwamba kuna mkono wa karibu kwenye chakula changu. Akaniamuru ninywe maji ya ndimu asubuhi na jioni, yaikate hiyo dawa niliyolishwa. Nikanywa, nikazidi! Nikasema uchawi unapigana.

Mize mnamfahamu. Hakuna harusi ya kijiji hiki ambayo hakusimamia sufuria. Mwanamke huyo nilimwita mchawi mbele ya majirani, akaniambia neno moja tu:

“Faki, miye n’nakula sinia moja na weye.”

Ilikuwa kweli tupu, na mtoto mdogo angeielewa. Sikuitaka. Nikachana karatasi ya daftari, nikamwandikia talaka tatu kwa mpigo, akachukua nguo zake akarudi kwao Wambaa. Haikunitosha! Nikapita baraza baada ya baraza nikieleza sababu. Nanyi mkanisikiliza, mkanipa pole.

Dada yangu akaanza kunipikia. Miezi miwili haikwisha, nikaanguka nikiwa naanika karafuu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikapelekwa hospitali. Nikakutana na daktari, binti mdogo wa hapa kisiwani, Mungu amzidishie. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Baba, unakula vipi?”

Kabla sijajibu, dada yangu akaropoka, “Daktari, huyu hali, huyu anabugia! Kisha anajilaza kama gogo.”

Wakanipima. Daktari akanieleza taratibu. Tindikali ya tumbo langu inapanda kooni, na nikilala chali inapenya hadi njia ya hewa na kuiunguza. Kifua changu tayari kilishachoka kwa vumbi na moshi wa jeshini, kwa hiyo kinafunga upesi. Alisema wastaafu wengine pia humjia hivyo hivyo. Akanipa dawa, akaniambia nile kidogo kidogo, nisilale mpaka chakula kishuke, niinue kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Mwisho dada akamtajia maji ya ndimu, naye akauliza nani aliyenishauri kunywa tindikali juu ya tindikali.

Alhamdulillahi! Wiki zikapita, nikavuta pumzi mpaka chini ya mbavu. Nikalala kama mtoto. Na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu kila pumzi niliyovuta ilikuwa ikiniambia Mize hakufanya kitu.

Nilikwenda Wambaa. Kaka yake alinisimamisha mlangoni, hakunikaribisha. Mize akatoka, nikamweleza yote, nikamwomba radhi.

“Miye nlijua tangu siku ile,” alisema. “Weye ndo umejua leo. Nshakusamehe. Lakini maneno yako yalifika huku kabla yangu. Jirani alikuwa na hitima, nkapeleka bakuli la wali. Likarudi vile vile na kifuniko chake. Hapana ntu anayeniita kupika. Uliyasema kwa Msuka nzima, Faki. Kayaseme tena.”

Basi nayasema, mbele ya Mungu na mbele yenu. Mize hakunilisha kitu. Nilikuwa muongo, na mjinga, na ninyi mlioyabeba maneno yangu mkayapeleka mbele, tumo sote. Ewe unayekohoa ukishakula, nenda hospitali kabla hujamtazama mkeo kwa jicho baya! Mtegemee Mola, naye atakufungulia njia kama alivyonifungulia mimi nisiyestahiki.

Mwezi huu binti wa kaka yangu anaolewa. Nimewaomba wenye shughuli wampe Mize sufuria. Wamenijibu kwamba wageni hawatagusa chakula. Nimemuuliza Mize mwenyewe, akasema atakuja iwapo watu watakula. Ndugu zangu, wageni wa harusi ile ni ninyi mliokaa hapa. Hebu niambieni sasa hivi, kabla hatujatoka msikitini: nani atakula?