Editha Asikae Matanga Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Felista acha kunifunika hilo blanketi, jua la asubuhi linanitosha. Kaeni chini mnisikilize mpaka mwisho, maana nina maneno mengi na pumzi kidogo, na atakayenikatiza ajue ananiibia. Wala msinitazame kwa nyuso hizo za msibani. Bado nipo, uji nimekunywa, na moyo wangu leo ni mweupe kabisa. Bibi ambaye mjukuu wake ameitwa chuo cha udaktari hana sababu ya kufa amenuna.

Nianze na mali nisije nikaisahau kwa furaha. Antipasi, mwanangu mkubwa, nyumba hii ni yako pamoja na ng'ombe walio zizini, isipokuwa yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Huyo ni wa shemeji yangu Lazaro, aliyenichungia mifugo tangu baba yenu alipotutoka, na mtu asimnyang'anye kwa kisingizio cha ukoo. Felista, shamba la alizeti la kule bondeni ni lako. Najua mtasema binti aliyeolewa hapewi shamba. Nimelilima kwa mgongo wangu, nampa nimtakaye. Na ule ugomvi wenu wa mpaka naufukia leo. Minyaa niliyopanda ndiyo mpaka, na atakayeivuka kwa jembe ajue amenikanyaga mimi.

Sasa Editha, mjukuu wangu, njoo ukae hapa miguuni pangu. Kesho kutwa chuo cha Dodoma kinafunga mlango wa kupokea wanafunzi wapya, na jana nilimsikia baba yako akikukataza kwenda. Mwili ndio umechoka, masikio bado ni yangu. Alisema, "Mama anaweza kutuacha wakati wowote, na wewe ndiye uliyebeba jina lake la nyumbani. Ni wewe wa kukaa mkekani mpaka matanga yaishe tunyolewe. Chuo utaomba tena mwakani." Nawe ukaitikia, "Sawa, baba," ukaenda nyuma ya nyumba kulia ukidhani nimelala. Kilio kile kiliniuma kuliko huu ubavu.

Antipasi, sijakukasirikia. Unanipenda, na unaogopa watu watasema. Lakini kabla hujamzuia mtoto, ujue unazuia nini. Kila mtu hapa ana habari yake juu ya kwa nini Editha anataka kuwa daktari. Wewe unawaambia watu wa Ikungi siku za mnada kwamba ni kwa sababu ya vitabu ulivyomnunulia. Katekista anasema ni wito. Felista anasema karithi kwake yeye shangazi, ambaye akiona damu ya kuku anakimbilia chumbani! Mimi nilikuwepo, nitawaambia.

Ilikuwa siku ile wazee wa upande wa pili walipokuja kumposa Felista. Tulichinja mbuzi, na kwa desturi yetu matumbo yakatandazwa juu ya ngozi ili Lazaro ayasome, maana hapa Sepuka hakuna aliyekuwa na jicho la matumbo kama lake. Akapapasa, uso ukambadilika. Tumboni mwa mbuzi mlikuwa na donge gumu kama ngumi. Akasema kwa huzuni kwamba binti huyu tumbo lake litafungwa, hatazaa. Felista akaangua kilio, wageni wakaanza kutafuta fimbo zao. Ndipo Editha, bado mdogo, meno ya mbele hana, akapenya katikati ya wazee akauliza, "Babu, humo ndani kuna nini?"

Wanangu, kwa miaka yote tuliyosoma matumbo hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Tulitazama kwa nje tu, tukatetemeka. Lazaro akamkodolea macho, kisha, Mungu ambariki mzee yule, akampa kisu. Mtoto akapasua, akaingiza mkono, akavuta, akavuta tena, kikatoka kitambaa changu cha kichwa! Kile cha maua ya njano, kilichochukuliwa na upepo wa kiangazi kwenye kamba ya nguo, kimeviringana na majani. Lazaro alicheka mpaka akakaa penye damu. Wageni nao wakacheka, wakarudisha fimbo ukutani, posa ikapokelewa, na Felista amezaa tangu hapo mpaka tumeishiwa majina.

Lakini huyu hakucheka. Alinifuata jikoni na mikono yake michafu, akaniuliza, "Bibi, na mtu je? Akiwa na kitu ndani, anaangaliwaje bila kuchinjwa?" Nikamwambia wapo madaktari wanaojua. Akasema, "Basi na mimi nitajifunza." Akanawa, akala maini. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Alimwona shangazi yake akilizwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyekifungua akatazama, na tangu siku ile hataki mtu alizwe bure.

Sasa mtu wa namna hiyo mnataka akae mkekani atazame nilivyokwisha kufa? Nimekataa. Editha asikae matanga yangu. Nikifa leo, aende. Nikifa akiwa njiani, asirudishwe, na simu asipigiwe mpaka awe ameshaandikishwa. Mkekani atakaa Felista, na nywele atanyolewa Felista, kichwa chake kina umbo zuri. Atakayeuliza mjukuu yuko wapi, mjibuni kwa sauti: yuko Dodoma anasoma udaktari, ametumwa na marehemu. Mnizike ubavuni mwa baba yenu. Pikeni kuku, wale wakubwa, msinifanyie ubahili. Na muimbe nyimbo za kuchangamka, si zile za kuburuta.

Ngojeni... nivute pumzi. Nipeni hayo maji. Sogea, Editha, inamisha kichwa, nikutemee baraka. Hivyo. Mikono yako iwe myepesi kwa wagonjwa. Ulizeni wote, msiogope kuuliza, wewe na wadogo zako, na watoto wa Felista. Mungu awafungulie... awape mvua, awape watoto wanaocheka. Nimewabariki wote, hata wewe Antipasi, na uso wako huo.

Usilie, mtoto. Mimi nacheka, huoni? Kifua kinakataa, lakini nacheka. Furaha imenijaa mpaka... mpaka hapa kooni.

Bodaboda hiyo imefika mlangoni, nimemtuma Lazaro aiite. Antipasi... mwanangu... usimshike mkono. Shika begi lake.