Mwalimu Apolinari na Barua Zisizo na Mfadhili

Nyie mliokaa kwenye mabenchi ya nyuma, mnaonong'onezana kwamba haya nitakayosoma ni ya kumpamba maiti, nyamazeni kwanza, mie Adelina Fransis Namkoko ndiye dada mkubwa wa marehemu, niliishia darasa la nne lakini tarehe naziandika, na kila tarehe iliyo humu ina cheti chake au ina mtu aliye hai wa kuulizwa.

Marehemu Apolinari Fransis Namkoko alizaliwa tarehe 4 Agosti 1951 kijijini Lukuledi, Masasi, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa Mzee Fransis, mchonga vinyago, alisoma shule hapo hapo tangu 1959, akaendelea na sekondari, na mwaka 1974 alimaliza chuo cha ualimu akiwa na ruhusa ya kufundisha Kiingereza na Kifaransa, lugha ambayo baba yetu alikufa akiuliza inaliwa na mboga gani.

Januari 1980 alihamishiwa sekondari moja ya hapa Temeke, tarehe 12 Desemba 1981 akafunga ndoa na Atuganile, binti wa Tukuyu, huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Benjamin wa 1983 na Benedicta wa 1986, wakajenga hapa Yombo Vituka vyumba vitatu na kimoja cha uani, na hicho cha uani nitakieleza vizuri, kwa sababu ndicho mnachokitolea macho.

Mwaka 1988 shule yake ilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kwa wanafunzi tisini, nacho hakina jalada, basi marehemu akaiandikia redio ya nje iliyokuwa ikitangaza masomo ya lugha, akitumia sanduku la posta la parokia kwa kuwa lake hakuwa nalo, na wale watu wakamletea vijitabu, kaseti na kalenda bila kutaka hata senti, akaandikia redio ya pili na ya tatu, nazo zikaleta. Jioni alikusanya watoto chumba cha uani wasikilize kaseti, kwenye redio ambayo betri zake zilishindaga juani zikianikwa ili zipate nguvu, na hakumtoza mtu, wakati wenzake wakiuza tuisheni, na siwalaumu, mshahara wenyewe ulikuwa wa kununulia sabuni.

Hapo mtaa ukaharibikiwa akili. Zilikuwa zama ambazo mwenye bahasha ya stempu ya Ulaya huambiwa ana mfadhili, na Agosti 1994 mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbwana, ambaye yupo hapa na namtaja akinitazama, aliitisha kikao kumtaka marehemu aeleze fedha za mfadhili anakula na nani. Marehemu akaja na boksi zima la barua, akazisoma moja moja na kuzitafsiri, wakasema anatafsiri anavyopenda mwenyewe. Hakugombana nao. Alisema, "Mzee wangu, njoo Jumatatu saa kumi na moja nikufundishe, utazisoma mwenyewe." Wakaja watu wazima kumi na mmoja, wote wapelelezi, na baada ya mwaka na ushei Mzee Mbwana alishika barua, akaisoma kidole kikitembea juu ya mstari, akakuta wanamshukuru marehemu kwa kusikiliza na kumuuliza kama matangazo yanasikika vizuri. Aliomba radhi mbele ya darasa, na tangu siku hiyo kazi ya kuanika betri ikawa yake.

Mwaka 1998 tukasikia mjini kuna ofisi yenye kompyuta za intaneti, marehemu akawa anakwenda kila Jumamosi, akanieleza kwamba humo walimu wa nchi nyingine wameweka masomo na mazoezi, anayetaka achukue, somo ni bure ila kiti unalipia kwa nusu saa, na kwa kuwa kuchapisha kulimshinda bei alinakili kwa mkono, akajaza kaunta-buku sita, yale madaftari manene, na ya saba ina kurasa kumi na nne tu, maana kisukari alichokuwa nacho tangu 1996 kilimshukia mguuni, akalazwa tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1999, mguu wa kulia ukakatwa, na Jumanne tarehe 16 Machi, saa nne asubuhi, alifariki nikiwa nimemshika ule uliobaki.

Sasa jana, mwili ukiwa bado hospitali, baadhi ya ndugu zetu wa ukoo walikaa wakakubaliana kwamba leo watu wakienda makaburini wawili wabaki nyuma, wavunje kufuli la chumba cha uani, watafute dola za mfadhili, na redio, kaseti na madaftari wagawane. Jambo ambalo watu baki walilielewa, damu yake imeshindwa. Nasema mimi mkubwa wake, humo hakuna cha kugawana, chumba ni cha Atuganile na wanawe, na darasa litafundishwa na Salma, aliyeanzia humo akiwa kidato cha pili na sasa yuko chuo cha ualimu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosema ukweli mapema, majirani kwa uji na kwa kumbeba, walimu wenzake kwa kuja na sare zenu, na parokia kwa sanduku lile la posta.

Apolinari, umefundisha vya kutosha, pumzika mdogo wangu, uwe na amani.

Mchanga wangu atanitupia Benjamin. Karatasi hii naiacha mezani, jeneza litoke, mie nakwenda chumba cha uani na kigoda changu, nafunga mlango, nami nipo upande wa ndani.