Kumuaga Mzee Penseli, Fundi wa Panya

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Idara ya Afya, ndugu wageni waalikwa, watumishi wa manispaa mliofunga ofisi mapema leo kwa kisingizio halali, wafanyabiashara wenzangu wa mtaa wa soko, na zaidi ya wote wewe Mzee Penseli, fundi wetu wa panya, pamoja na wewe mke wake, wifi yangu, uliyeketi hapo pembeni yake ukimzuia asivue koti: habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Ameniangalia usoni akarudia, tano za kweli, Mama Mikate. Nimemwitikia kwa heshima, lakini mimi ni mwoka mikate, na mtu wa kazi yangu hafungui tanuri kwa sababu saa imefika, anafungua kwa sababu mkate umeiva. Kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Kwa wageni ambao hawamjui tunayemuaga, huyu ndiye mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja amekuwa akiingia katika nyumba zetu, maduka yetu, maghala yetu na jikoni za shule zetu, anasalimia, anauliza hali ya watoto, halafu anapiga magoti na kuanza kupitisha kipande cha penseli kwenye kila tundu la ukuta. Penseli ikigoma, anapita. Penseli ikiingia, anakaa. Anasema tundu linaloruhusu penseli linaruhusu panya mdogo, na panya mdogo akishaingia hahitaji kualikwa mara ya pili. Jina lake halisi liko kwenye barua ya kustaafu, na nimeambiwa karani aliyeichapa ilibidi aulize ni la nani.

Sasa niwaambie nilivyomjua, maana si jambo la kujivunia.

Yapata miaka tisa iliyopita, bwana afya alikuja kukagua duka langu la mikate. Alikuta gunia moja la unga limetobolewa pembeni, na chini yake kinyesi cha panya, vidonge vyeusi vya ukubwa wa punje ya mchele. Akaniandikia siku saba. Siku ya nane, kama dalili bado zipo, mlango unafungwa. Duka lile alilianzisha mama yangu kwa tanuri moja na meza ya kukandia aliyoikuta imetupwa, na siku ile mlikuwa na watu kumi na wanne ndani yake wanaokula kwa jasho lao. Mama alikuwa bado hai, amekaa nyumbani na miguu yake mibovu, na kila jioni ananiuliza, leo mkate ulitoka vipi? Ningemwambia nini? Kwamba tanuri lako limefungwa kwa sababu binti yako ameshindwa na panya?

Bwana afya mwenyewe ndiye aliyeniambia, mtafute Mzee Penseli. Nikamtafuta, akaniahidi kuja kesho yake saa nne. Na mimi nilifanya nini? Ndugu zangu, nilifanya kile ambacho nusu yenu hapa mmewahi kufanya na hamtasema. Kabla hajafika nilifagia kila kona. Nikapiga deki kwa sabuni, nikasugua kuta, nikalitupa lile gunia, nikahamisha makopo. Mzee alipofika alikuta duka linang'aa. Akazunguka na penseli yake, akatazama, akanusa, akaniuliza kama kuna panya. Nikasema hapa petu hakuna shida kubwa, ni yule bwana afya tu ana maneno. Akaaga. Siku ya tatu akarudi, nimefagia. Siku ya nne akarudi, nimefagia tena, na safari hii nilipaka na rangi kwenye ukuta wa nyuma. Aibu ilinifanya nimfiche daktari kidonda nilichomwitia.

Siku ile ya nne hakuaga. Alisimama katikati ya duka langu, mbele ya wafanyakazi wangu, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Mama, lala chini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimevaa gauni la kwenda benki. Akatangulia yeye, akalala kifudifudi kwenye sakafu na shati lake jeupe, shavu karibu liguse saruji, akapiga sakafu kwa kiganja kunionyesha nafasi yangu. Wafanyakazi wakageukia ukutani, mabega yanatikisika. Nikalala.

Mheshimiwa Meya, sijui kama umewahi kulala chini kwenye sakafu unayoikanyaga kila siku. Ni nchi nyingine. Niliona mwanga chini ya mlango wa nyuma, upana wa kidole, mahali ambapo nikiwa nimesimama naona mlango mzima uliofungwa vizuri. Niliona mstari mweusi wa mafuta chini kabisa ya ukuta nyuma ya tanuri, pale ambapo panya hupita wakijisugua siku baada ya siku, na ambapo brashi yangu ya rangi haikufika kwa sababu mimi napaka nikiwa nimesimama. Niliona magunia yangu yamelala sakafuni, yamebana ukuta, yametengeneza ukumbi wa harusi nyuma yake. Mzee akaniuliza taratibu, tukiwa wote tumelala pale, kwa nini ninamfagilia njia anazozitafuta. Nikamwambia ukweli, kwamba naona haya. Sikuwa nimelia tangu yule bwana afya aje, lakini pale chini nililia.

Hakunicheka na hakunihubiria. Aliniambia tu:

"Panya hajaja kwa sababu wewe ni mchafu. Amekuja kwa sababu una chakula na mlango. Kesho usifagie."

Jamani, mwambieni mwoka mikate asifagie! Jioni ile tulifunga duka na vumbi la unga limetanda sakafu nzima, na mimi nimeshikwa kiganja na dada yangu nisirudi na ufagio. Asubuhi mzee alifika kabla ya sisi kuwasha tanuri, akafungua mlango, akaniita. Njia yote ilikuwa imeandikwa. Vinyayo vidogo vimetoka chini ya mlango wa nyuma, vimefuata ukuta, vimepita nyuma ya tanuri, vimeingia kwenye tundu lililozunguka bomba la maji, na hakuna hata kimoja kilichokatiza katikati ya duka. Mitego yote niliyokuwa nimenunua mimi ilikuwa imekaa katikati ya duka.

Tulikuwa na siku tatu. Hakuweka sumu, wala hakuniruhusu niweke, maana sumu na unga havikai nyumba moja, na panya akifia ndani ya ukuta atakuaga kwa harufu mwezi mzima. Aliweka mitego kando ya ukuta, kwenye njia yao, na chambo juu, lakini hakuitega. Nilipomuuliza kwa nini anawalisha bure, akasema waache wazoee kwanza. Usiku mmoja wakala wakaondoka. Siku ya pili akaitega. Huku nyuma tukaziba, sisi na msaidizi wake ambaye nitamtaja baadaye: waya wa kusugulia sufuria umeshindiliwa kwenye kila tundu, saruji juu yake, bati chini ya mlango. Magunia tukayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, kiasi cha mtu kupita na ufagio. Makombo yakaondoka kila jioni, pipa la taka likapata kifuniko. Siku ya nane bwana afya alikuja, akamwaga unga wake mwenyewe kwenye kona, akarudi kesho yake akaukuta kama alivyouacha. Jioni hiyo mama aliniuliza, leo mkate ulitoka vipi? Nikamwambia umetoka vizuri, mama. Alifariki mwaka uliofuata, na tanuri lake lilikuwa linawaka. Mzee Penseli, sijawahi kukushukuru kwa hilo hadharani. Nakushukuru leo.

Msidhani lakini kwamba tunamuaga malaika. Wifi yangu ameniruhusu kusema, tena amenisisitizia. Kuna mwaka nyumba ya fundi wa panya ilikuwa na panya. Mwezi mzima! Mzee anatoka asubuhi kwenda kuziba matundu ya watu, huku kwake kunachakarishwa kabatini. Alizunguka na penseli nyumba nzima, akalala chini vyumba vyote, hakuona kitu. Mwisho wifi akafungua begi lake la kazi lililokuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba, akakuta kopo la siagi ya karanga ya chambo limetafunwa kifuniko, na ndani ya begi familia nzima imejitengenezea kitanda kwa fomu za idara. Mzee alikuwa anawabeba kwenda kazini na kuwarudisha nyumbani. Wifi anasema siku mbili baadaye alianza kucheka mwenyewe akiwa anakula.

Na hatuwezi kumtaja bila kumtaja anayekaa kule safu ya mwisho, ambaye nimemkaribisha mbele mara tatu na amekataa. Tunamwita Dada Ndoo, kwa sababu ya ndoo yake ya saruji ambayo hata leo ameiacha pale mlangoni. Alikuwa mfagiaji wa soko. Miaka kumi na moja iliyopita alimwonyesha mzee tundu ambalo mzee alikuwa amelipita, na mzee, badala ya kununa, alimwomba afanye naye kazi. Tangu hapo ni wawili. Magoti ya mzee yalipoanza kugoma, ni huyu dada aliyekuwa analala chini, na mzee anashika tochi. Kwa miaka yote kumi na moja ameajiriwa kama kibarua.

Hapa, Mheshimiwa Meya, ndipo mkate wangu unapoiva.

Wiki iliyopita nilikuja ofisini kwenu kufuata leseni, nikasoma barua kwenye ubao wa matangazo. Inasema kwamba, kwa kuwa eneo la soko halijaleta lalamiko lolote la panya kwa miaka mitatu mfululizo, nafasi ya fundi wa panya haina uhitaji tena, haitajazwa baada ya mhusika kustaafu, na kibarua wake atasitishiwa mkataba mwisho wa wiki hii. Niliisoma mara mbili. Sikukasirika, maana aliyeiandika alikuwa mkweli. Hakuna lalamiko. Hakuna panya. Lakini naomba niulize kwa heshima zote: walikwenda wapi? Waliandika barua ya kuhama? Walipanda cheo? Au kuna mtu alikuwa analala kifudifudi kwenye sakafu zetu kila juma, akiziba tundu moja moja kabla mimi na wewe hatujaliona? Wengine wakimaliza kazi wanakuacha na jengo, barabara, daraja la kukata utepe. Huyu akimaliza kazi anakuacha na sakafu isiyo na kitu. Tumeitazama ile sakafu miaka mitatu, tukadhani ilizaliwa hivyo.

Namalizia. Mzee, zawadi yetu watu wa mtaa wa soko ni hii hapa. Ni boksi la penseli, dazeni moja, mpya, ndefu. Hizi ni za kuandikia tu. Waandikie wajukuu. Mto wa magoti nao upo, lakini wifi amesema ataukalia yeye.

Kile kipande chako cha zamani, ulichokisahau juu ya meza ya mama yangu siku ile tulipofaulu, ninacho. Nimekibeba kwenye mfuko wa aproni miaka tisa. Asubuhi ya leo tulipokuwa tunapanga viti humu ukumbini, wakati kitambaa cha meza kuu bado hakijatandikwa, nililala chini. Wenzangu wakacheka, mabega yao yakatikisika vilevile. Nikaona mstari mweusi chini ya ukuta, nyuma ya jukwaa, unatoka upande wa jikoni. Nikaufuata kwa magoti mpaka chini ya meza kuu, Mheshimiwa, karibu na mguu wako wa kushoto. Tafadhali usinyanyuke, sasa hivi wamelala. Kuna tundu, na penseli imeingia mpaka mwisho, nami nimeiacha humo humo iwazibie njia.

Mzee, najua umeliona. Nilikuona ulipoingia, ukatazama pale kabla hata hujampa mtu mkono, halafu ukaangalia pembeni kwa sababu wifi alikushika koti na kukukumbusha kwamba leo wewe ni mgeni. Dada Ndoo naye ameliona, ndiyo maana ndoo iko mlangoni. Katika ukumbi huu wote wenye watu mia mbili, ni hao wawili tu walioona bila kulala chini, na mmoja amestaafu leo, na mwingine mkataba wake unaisha Ijumaa.

Kwa hiyo swali langu ni dogo, na sihitaji lijibiwe kwenye kipaza sauti. Jumatatu asubuhi nimpigie nani?

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, na mshereheshaji kwa kuacha kutazama saa. Tumpigie makofi Mzee Penseli, tumpigie na Dada Ndoo. Na wakati wa kutoka, naomba mtu yeyote asiichomoe ile penseli. Kwa sasa ndiyo mlango pekee tulio nao.